Kompyuta Huvuta Hewa ya Nyumba

Wanangu, mtu akija kuniuliza anunue kompyuta gani ya mezani ya kuweka nyumbani, hutarajia nimtajie jina la mashine. Mimi humuuliza itakaa wapi. Chumbani au sebuleni? Dirisha linatazama barabara au ua? Nani analala humo? Wengi hudhani uzee umeanza kunivuruga. Vijana hasa, maana wao huja wameyakariri majina ya prosesa kama majina ya wachezaji wa mpira, halafu wanakutana na bibi mwenye miwani anayewauliza habari za madirisha.

Nimestaafu sasa. Karakana yangu ya Magongo, hapa Changamwe, ina fundi mwingine, na mimi nakaa Mikindani nafuga kuku na kutoa mawaidha ya bure. Lakini kazi ile niliianza zamani za skrini zenye kisogo, zile ambazo kubeba moja kulihitaji wanaume wawili, au mwanamke mmoja mwenye haraka zake. Watu waliingia dukani wakaniuliza, "Fundi yuko wapi?" Nikiwaambia ndiye mimi, Sidi, walitazama nyuma yangu kama kuna mwingine amejificha. Nilizoea. Niliwaacha watazame mpaka washibe, kisha nikawauliza mashine ina nini.

Kuna jambo moja kazi hiyo ilinionyesha, na mpaka leo linanishangaza nikikaa peke yangu na kuku zangu. Kompyuta ya mezani inavuta hewa. Mtasema hilo mnalijua, feni mnaiona. Lakini hebu lifikirieni vizuri. Kasha lake limekaa kwenye kona, halimsumbui mtu, na mchana kutwa linavuta hewa ya chumba kuiingiza ndani na kuitoa nyuma ikiwa ya moto. Hewa inapita, vumbi linabaki. Siku unapolifungua, nyumba nzima imo humo ndani. Wanachopika, wanachofukiza, kinachopita barabarani, paka waliyemfukuza zamani. Nimefungua mashine nyingi maishani na sikuwahi kuzoea. Kila nilipotoa skurubu ya mwisho na kuvuta ubavu wa kasha, ilikuwa kama ninafungua mlango wa watu bila kubisha hodi.

Aliyenifundisha hayo ni mzee Swalehe. Alikuwa fundi wa redio, mtu wa Mvita kwa baba na kwa mama, aliyehamia Kisauni akafungua duka dogo la kutengeneza kila kitu chenye waya. Kompyuta zilipoanza kuonekana mitaani alizipokea kama alivyopokea wageni wote, kwa utulivu na maswali mengi. Siku yangu ya kwanza kwake nilifungua kasha, nikaona vumbi, nikachukua brashi. Akanishika mkono, akaniambia kwa Kimvita chake:

"Usipanguse kwanda, mwanangu. Nusa."

"Ninuse vumbi, mzee?"

"Ukisha kupangusa, utamuuliza nani?"

Nikanusa. Nikapiga chafya mfululizo mpaka machozi yakanitoka, naye akacheka hadi kofia ikamwanguka. Kisha akainama yeye juu ya ile mashine, akavuta pumzi polepole, akafumba macho. Akasema, "Hapa pana wake wawili."

Nilidhani ananitania. Akanionyesha utando mwembamba wa moshi kwenye mapezi ya chuma yanayopoza prosesa, akaukwangua kwa ukucha, akaninusisha. Udi mkali wa aina moja, na juu yake udi mwingine mtamu mtamu. Jioni mwenye mashine alipokuja kuichukua, mzee akamuuliza kwa adabu zote hali za wakeze. Yule bwana akacheka. "Wallahi, mzee, mke ni mmoja tu. Wa pili ni mama. Kila mmoja ana chetezo chake, na hapana anayekubali kuzidiwa moshi na mwenziwe."

Mzee alikosea upande wa ndoa, lakini mafukizo aliyapata yote mawili. Mimi nilikuwa nimesimama pale na brashi yangu na nikaingiwa na woga kidogo, woga wa kustaajabu. Mtu amekaa dukani kwake, amejua mashindano ya wanawake wawili ambao hajapata kuwaona, kwa sababu feni ndogo ilikuwa ikizunguka sebuleni kwao.

Basi tangu hapo nikawa nanusa. Mashine za Likoni zilikuja na chumvi, shaba imeota ukijani na skurubu hazitoki ila kwa kubembelezwa. Za Mwakirunge karibu na machimbo zilikuwa nyeupe ndani, vumbi la mawe laini kama unga wa mahamri. Za huku kwetu Changamwe, kando ya barabara ya malori, zilikuwa na masizi meusi makavu. Ukiyagusa vidole vinabaki vyeusi mpaka uoge. Yale masizi makavu myaweke akilini, nitayarudia.

Sasa kuhusu kuchagua, kwa kuwa najua kuna wanaonisikiliza kwa ajili hiyo tu na hadithi wanazivumilia. Msinunue kasha jembamba kwa sababu linapendeza mezani. Kasha jembamba halina pa kuongezea kitu, na likipata joto halina pa kulipeleka. Mwambie muuzaji alifungue. Akikataa kulifungua, muage kwa heshima. Akilifungua, usitazame vilivyomo, tazama nafasi zilizo tupu. Kama kuna mahali pa kuchomeka memori nyingine, na mahali pa diski nyingine, na pawa saplai, kile kisanduku cha kuingizia umeme, ni ya umbo la kawaida linalopatikana kila duka, hiyo ni mashine itakayokua pamoja na nyumba yenu. Mimi nilipendelea zilizotumika maofisini ng'ambo zikashushwa hapa bandarini. Hazina urembo, lakini zimeundwa na watu waliojua kwamba siku moja fundi atataka kuingiza mkono mle ndani.

Na mkitaka kuipa mashine ya zamani nguvu, anzeni na diski kabla ya kitu chochote. Siku ya kwanza nilipotoa diski ya kuzunguka na kuweka hizi mpya zisizo na kitu kinachotembea ndani, mteja wangu alikuwa na desturi ya kuwasha kompyuta kisha aende kuoga. Niliiwasha mbele yake. Kabla sijamaliza kumuuliza kama atakunywa chai, ilikuwa imefunguka. Nilidhani imeharibika. Nikaizima, nikaiwasha tena, ikafunguka tena. Nikavuta kiti nikakaa. Ilikuwa mashine ile ile kuukuu, aliyotaka kuitupa jalalani. Hakuna kilicholia, hakuna kilichozunguka, na kazi imefanyika. Sikuweza kumweleza yule bwana kilichotokea, nilimwambia tu aoge kwanza nyumbani ndipo aiwashe.

Tena kuna feni. Mzee Swalehe alinifundisha kuipima bila kifaa chochote. Ichomoe, isafishe, ishike mkononi, uipulize pumzi moja kwa mdomo. Feni nzima huzunguka na kuendelea kuzunguka baada ya wewe kuacha. Ikigoma, au ikisimama ghafla, kitovu chake kimekauka, itie tone la mafuta ya cherehani. Lakini msipulize kwa mdomo ndani ya kasha, pumzi ya mtu ina maji. Shikeni feni peke yake. Nilipenda kipimo hicho kuliko vyote. Nyumba ikiwa na mtoto nilimpa yeye apulize, na sikumbuki mtoto aliyekataa.

Nimewaona watu wakiharibu kompyuta kwa mapenzi zaidi kuliko kwa uzembe. Hapa Mikindani jirani yangu alinunua mpya, akaifunika kitambaa cha kufuma, kile kile cha kufunikia viti, kikaziba matundu ya hewa pande zote. Nikamwambia akitoe. Akakitoa. Wiki iliyofuata akaalika kina mama wa ushirika waje kuiombea. Mzee wa kanisa alikuja na chupa ya mafuta, na kwa kuwa alikuwa na imani kubwa, hakuyapaka kwa kidole, aliyamimina. Matundu yalikuwa juu. Jirani akaniletea mashine inadondoka mafuta. Nikamwambia maombi nayaunga mkono kabisa, ila siku nyingine mafuta yapakwe mlangoni. Alikasirika, akanuna, kisha akaniletea mayai.

Sasa niwaeleze habari za Mwende.

Wazazi wake walikuja dukani pamoja, watu wa Kitui waliokuwa wamepanga nyumba Changamwe miaka mingi. Baba ni dereva wa lori la makontena, mama alikuwa akifanya kazi kiwandani kisha akaacha ili amwangalie mtoto. Mwende alikuwa msichana mdogo, mwembamba, ana macho ya kuuliza maswali. Alikuwa na pumu. Asubuhi nyingi aliamka kifua kinalia na shule ikamkosa. Mwalimu wake alikubali kumtumia kazi kwa kompyuta awe anaifanya nyumbani asiachwe nyuma. Baba alitaka skrini kubwa. Mimi nikawashawishi wachukue ya kadiri, na badala yake tukapata kasha pana lenye nafasi tupu, diski mpya, na memori ya kutosha.

Nilipomaliza kuifunga nikakumbuka feni ya akiba, nikampa Mwende aishike. "Puliza, mwanangu, tuone kama ni nzima."

Akavuta pumzi. Ilikwama katikati. Kikohozi kikamshika, akainama, mama yake akamshika mabega huku akitafuta inhela kwenye mkoba. Feni ilitikisika tu. Mtoto alipotulia alinirudishia, akaniambia kwa sauti ndogo, "Hii si nzima." Nikamwambia kweli, nitaitia mafuta. Nilikuwa nimeshaipima mwenyewe.

Baba yake alikuwa amesimama mlangoni. "Mimi nimesema, fundi, na mama yake anajua. Muhula huu ukiisha bila nafuu, anaenda kwa susu yake Kitui. Huko hewa ni kavu. Hapa tunamwua." Susu ni bibi, kwa Kikamba. Mama Mwende alisogea mezani. Aliichukua ile mashine akaikumbatia kama mzigo wa kuni, na nikajua kwake yeye haikuwa kompyuta. Ilikuwa sababu ya mtoto kubaki.

Haikukaa. Nililetewa inachemka na kujizima yenyewe. Nikaifungua nikakuta imejaa vumbi, nikaisafisha, nikasema malori. Kila mtu Changamwe husema malori, na mara nyingi husema kweli. Nikawaambia wafunge dirisha linalotazama barabara na waisogeze meza. Wakafanya hivyo. Mashine ikarudi mapema kuliko mara ya kwanza. Nikaipangusa kwa haraka, maana siku hiyo duka lilikuwa limejaa watu, nikaibadilisha feni, wakaenda.

Mara ya tatu Mama Mwende alikuja peke yake na bodaboda, kasha amelifunga kwa leso. Aliliweka juu ya meza yangu na hakukaa.

"Shikamoo, mama Sidi."

"Marahaba. Imezima tena?"

"Imezima. Baba yake anasema hata mashine imekataa hewa ya hapa, sembuse mtoto. Shule zikifunga anampeleka." Alilivuta fundo la leso. "Sasa nakuomba uiongezee nguvu, ubadilishe kila kitu unachoweza. Iwe kama mpya. Mwende ataenda nayo."

"Nawe utaenda?"

"Kazi ya baba yake iko hapa. Na mdogo wake yuko shule hapa. Mimi nitakuwa naenda na kurudi."

Alisema hivyo akitazama ukuta. Mimi nina watoto, na wanangu wawili walilelewa Rabai na mama yangu nilipokuwa nikitafuta maisha, kwa hiyo nilijua "naenda na kurudi" ni nini. Nikachukua bisibisi, nikatoa ubavu wa kasha.

Siku hiyo hapakuwa na mteja mwingine. Mwangaza wa mchana ulikuwa unaingia mlangoni vizuri. Niligusa mapezi ya prosesa kwa kidole, na kidole hakikutoka cheusi. Kilitoka na rangi ya chai ya maziwa, kinanata. Nikagusa tena. Masizi ya malori ni makavu, nimewaambia. Haya yalishika kama gamu, na lile vumbi la kawaida lilikuwa limegandama juu yake. Mkono wangu ulikuwa umeshaelekea kwenye brashi, na nikamsikia mzee Swalehe waziwazi, ingawa alikuwa ametangulia mbele ya haki siku nyingi. Nikaiacha brashi. Nikainama nikanusa.

Harufu niliijua. Kila mtu wa pwani anaijua. Lakini ilikataa kuja na jina lake. Udi si wenyewe, mafuta ya taa si yenyewe, sigara si yenyewe. Nikakwangua kidogo kwa ncha ya bisibisi, nikaweka juu ya karatasi nyeupe.

"Mama Mwende, hebu nusa hapa uniambie. Pua yangu imezeeka."

Aliona ni upuuzi, nilimwona usoni, lakini ana adabu. Akainama akanusa. Hakuinuka. Akanusa tena.

"Ni koili yangu," akasema. "Koili ya mbu."

Nikamwuliza anaichoma wapi. Akaninyooshea kidole chini ya meza yangu, kwa sababu ndipo alipokuwa akiiweka kwake, chini ya meza ya kompyuta, juu ya kifuniko cha bati, mahali ambapo mtoto akigeukageuka hataipiga teke. Meza iko kando ya kitanda cha Mwende. Aliichoma kila jioni anapomlaza, madirisha yamefungwa. Mwende aliwahi kulazwa kwa malaria akiwa mdogo sana, na tangu hapo mama huyu aliapa mbu hatamgusa tena. Siku mtoto alipokuwa hoi zaidi, aliwasha mbili.

"Zahanati waliniuliza kama kuna moshi nyumbani," akasema. "Nikawaambia hakuna. Tunapikia gesi. Nilisema kweli, mama Sidi. Sikudanganya."

"Najua hukudanganya."

"Madirisha nimeyafunga mimi."

"Na mimi ndiye niliyekwambia uyafunge."

Tukatazamana. Kisha akakaa, kwa mara ya kwanza tangu aingie, juu ya boksi la kibodi kuukuu, akafunika uso kwa ile leso. Nilimwacha alie. Na nitawaambia kweli, wanangu, katikati ya huzuni yake mimi nilikuwa nimejawa na mshangao. Kile kifaa cha chuma kilikuwa kimelala kando ya mtoto yule, kimevuta kila alichovuta, kikachemka, kikajizima, kikawashwa, kikajizima tena. Mtoto alikuwa akikohoa na mashine ikizimika katika chumba kimoja kwa hewa moja, na sote tukawa tunawatibu mbali mbali, kila mmoja peke yake.

Nilimwambia mimi si daktari, nisije nikampa tumaini la bure. Nikaifunga ile karatasi yenye vumbi, nikampa. "Mpeleke Mwende zahanati, uwaonyeshe hii, uwaeleze kama ulivyonieleza mimi. Wao ndio watakaojua." Akaenda siku hiyo hiyo. Daktari alimsikiliza mpaka mwisho, akamwambia koili iachwe kabisa, mtoto alale ndani ya chandarua, dirisha la upande wa ua lifunguliwe, na inhela aendelee nayo kama alivyoagizwa. Akamwambia pia kwamba huenda koili si sababu pekee, ila kifua kama kile hakifai kulala na moshi wa namna yoyote. Mama Mwende alipomweleza mumewe, yule baba akatoka akarudi na chandarua. Akasema safari ya Kitui ingoje waone.

Mimi huku nikaiongezea ile mashine nguvu kama nilivyoombwa. Niliikwangua na kuiosha kwa spiriti kipande kwa kipande. Nikaongeza memori kwenye ile nafasi tupu, nikaweka feni pana zaidi inayozunguka taratibu, na mdomoni mwa kasha, pale inapoingilia hewa, nikafunga kipande cha soksi nyepesi za wanawake. Hilo nawaachia kama urithi. Soksi ya namna hiyo inazuia vumbi, inapitisha hewa, na inafuliwa kwa sabuni. Nilimwagiza Mama Mwende aitoe kila wiki aifue. Alipenda kufunga soksi nyeupe. Nilijua anaitazama kabla ya kuitia majini, na wakati mwingine alikuja dukani kunionyesha, kijivu kidogo tu, vumbi la nyumba ya watu wa kawaida, akaikunja akarudi kwake.

Mashine haikurudi tena kwa kuchemka. Ilirudi mara moja tu, mwaka niliokuwa nikifunga kazi. Nilikuwa nimeshaanza kugawa vyombo vyangu. Mama Mwende akaingia, na nyuma yake msichana mrefu aliyebeba kasha mwenyewe, viatu vyake vimejaa udongo mwekundu wa uwanja. Sikumtambua mpaka aliponiamkia. Pumu haikumtoka, alikuwa na inhela yake mfukoni mwa sketi, lakini shule alikuwa akienda. Kitui alikwenda likizo, akarudi. Walikuwa wamesikia naacha kazi wakataka niifungue mimi kwa mara ya mwisho.

Nikatoa skurubu. Nikavuta ubavu. Sikuinusa haraka, niliiangalia kwanza. Mlikuwa na makombo ya biskuti. Unyoya wa kuku. Maganda ya penseli iliyochongwa. Ushanga wa nywele, wa buluu, uliojiviringisha hadi chini ya diski. Na juu ya kila kitu, vumbi jepesi jekundu, la udongo ule ule niliouona kwenye viatu. Ndipo nikanusa. Ilinukia udongo na sabuni. Nikanusa tena, na Mama Mwende akadhani nimepata kasoro.

"Kuna nini, mama Sidi?"

"Kuna mtoto anayecheza nje," nikasema.

Nikaisafisha polepole, nikachomoa feni nikaipiga brashi pezi kwa pezi. Mwende alikuwa akinitazama mkono. "Susu," akaniita, jina ambalo hakuwahi kuniita kabla, "naweza kupuliza?"

Mama yake alikuwa ameshika ubavu wa kasha. Akauweka chini.

Nikampa ile feni. Akaishika kwa vidole vya mikono miwili, akavuta pumzi, ikaingia yote, akapuliza. Feni ikazunguka hadi mapezi yakapotea yasionekane. Akaacha, ikaendelea. Kabla haijasimama akavuta pumzi nyingine akapuliza tena, na tena, anacheka, nywele za mbele zinapepea kwa upepo wake mwenyewe. Hakuna aliyemwambia inatosha. Nilikaa na bisibisi mkononi, mama yake akakaa kwenye boksi lile lile la kibodi, tukamwacha apulize mpaka alipochoka mwenyewe, ndipo nikaifunga mashine.